Gemu Gumu Si Gemu Bovu

Sisi wa Elimu tuna ugonjwa mmoja. Tukifundisha kitu na darasa lisishike, tunasema darasa zito. Wapenzi wa magemu nao wana ugonjwa wao: wakishika padi na ndege isiende wanakotaka, wanasema gemu bovu. Likizo ndefu iliyopita nimekaa karibu na magonjwa yote mawili kwa wiki saba, Geita mjini, na nimerudi chuoni na maoni ambayo najua yatawakera wana-FIFA wa hosteli zote, za kaka na za dada. Mtanivumilia. Jarida hili lina kurasa za kutosha kunijibu.

Gemu ninalolizungumzia linaitwa Star Fox Zero. Ni la kurusha ndege ya kivita kati ya sayari na sayari huku ukipiga risasi kila kinachokuja mbele. Lilitoka Aprili 2016 kwa ajili ya mashine ya Nintendo iitwayo Wii U, na Nintendo walilitengeneza pamoja na kampuni nyingine ya Kijapani, PlatinumGames. Wewe mchezaji ni mbweha, Fox McCloud. Wenzako kikosini ni ndege, chura na sungura, na adui mkuu, Andross, ni nyani aliyejichimbia kwenye sayari ya Venom. Kwa mtu aliyelala usingizi wa utotoni Shinyanga akisimuliwa habari za Sungura na Fisi, hapo hakuna cha ajabu. Hadithi yenyewe ni nyepesi na sitaipotezea wino.

Mashine ya namna hiyo inafikaje Geita? Kwa njia ileile inayoleta vitu vingi vizuri vya mji ule: mgeni wa mgodini kamaliza mkataba, anauza vyombo vya nyumbani kabla hajapanda ndege ya kwao. Mjomba wangu ni fundi wa redio na simu, na pembeni ya ofisi yake ana kibanda cha gemu chenye TV nne na PlayStation za zamani. Alienda kwa huyo mgeni kununua friji. Friji ilishachukuliwa, akarudi na boksi lenye Wii U, padi yake kubwa yenye skrini, padi moja ya ziada na diski tatu. Diski mbili zilikuwa na mikwaruzo mpaka mashine inazitema. Iliyobaki ilikuwa ya mbweha. Vijana wa kibandani waliijaribu siku mbili, wakaipa jina la "kichomi", wakarudi kwenye mpira wao. Mashine ikapandishwa juu ya kabati. Mimi nilipofika na begi langu la matokeo ya UE yaliyokuwa bado hayajatoka, nikaishusha.

Ugumu wake ni huu. Kwenye magemu mengi unaangalia skrini moja na vidole gumba vinafanya kila kitu: stiki ya kushoto inaendesha, ya kulia inalenga au inageuza kamera. Hapa skrini ni mbili. Ya kwanza ni TV, inayokuonyesha ndege yako kwa nyuma, kama unavyoliona basi lililo mbele yako barabarani. Ya pili iko mikononi mwako. Padi yenyewe, wanaiita GamePad, ina skrini ya inchi 6.2, na humo unaona kile anachokiona rubani akiwa amekaa kwenye kiti chake. Stiki inaendesha ndege, sawa. Lakini bunduki hailengwi kwa stiki. Inalengwa kwa kuinamisha na kugeuza GamePad nzima hewani. Ndege inaweza kuwa inakwenda kulia wewe ukapiga kushoto. Mikono inaendesha na kulenga kwa wakati mmoja, macho yanapanda na kushuka kati ya skrini mbili, na maadui hawana adabu ya kukusubiri.

Kinachofanya kazi hiyo ni jairoskopu, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachohisi mzunguko: padi imegeuka upande gani na kwa kasi gani. Kipo pia kwenye simu za bei ya juu. Simu nyingi za bei rahisi zina kile cha kupima mwinamo tu, kinachotegemea mvutano wa dunia, ndiyo maana kuna magemu ya simu ambayo kwako yanakubali kuinamisha lakini hayakubali kulenga kwa kuzungusha. Jairoskopu ina udhaifu wake. Hujumlisha vikosa vidogo vidogo, na baada ya muda "katikati" yake inahama: wewe unaelekeza mbele, alama ya kulengea imekwenda pembeni kwenye kona ya skrini. Kuna kitufe cha kuirudisha. Anayejua kukibonyeza kila baada ya muda, bila kukasirika na bila kusubiri mpaka mambo yaharibike, ameshamaliza nusu ya gemu. Wengi hawakibonyezi. Wanapindisha shingo, wanapindisha kiti, mwisho wanacheza wakiwa wamekaa upande kama abiria wa bodaboda aliyevaa sketi ya kubana.

Hili la mikono inashika nini si jipya. Mwaka 1962, vijana wa MIT kule Marekani walitengeneza Spacewar!, gemu la vyombo viwili vya angani vinavyopigana, kwenye kompyuta kubwa kama kabati. Swichi za kompyuta ile zilikuwa za taabu kuchezea, wakajitengenezea visanduku vyao vya kuongozea. Space Invaders ya Japani, 1978, ikarahisisha kila kitu: kushoto, kulia, piga. Star Fox ya kwanza ya 1993 ilikuja na chipu maalumu ndani ya katriji ili vitu vya angani vionekane vina kina; Star Fox 64 ya 1997 ikaja na kifaa cha kuitetemesha padi ukipigwa. Kwa hiyo ukoo huu wa mbweha una desturi ya kukuletea kitu ambacho mkono wako haujawahi kukishika.

Safari hii desturi iligharimu. Wahakiki waligawanyika vibaya. Mwandishi wa Polygon, chombo cha habari za magemu cha Marekani, aliandika kwamba hakulimaliza na kwamba hatalipa alama. Fikiria: mtihani umekataliwa kusahihishwa! Si sapu, si kudisco, ni karatasi kurudishwa tupu. Na mashine yenyewe haikuwa na bahati. Wii, mtangulizi wake, iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Wii U ikaishia milioni 13 na ushee. Hivyo gemu lilitoka kwa mashine iliyokuwa inakata roho, likiwa na namna ya kucheza ambayo karibu hakuna aliyewahi kuizoea. Likazikwa.

Mimi nalitetea, lakini si lote, na nitafika huko.

Siku ya kwanza Corneria, sayari ya kuanzia, unaruka juu ya maji unaingia mjini kati ya maghorofa, nilikufa mpaka mjomba akacheka kwa sauti akiwa na kipasha risasi mkononi. Siku ya tatu bado nilikuwa nasoma skrini mbili kama mtu anayesoma madesa mawili usiku wa kuamkia mtihani, jicho huku, jicho kule, hakuna kinachoingia. Siku ya sita au ya saba kikatokea kitu ambacho sikukipanga: nikagundua kwamba nimepiga ndege tatu za adui upande wa kushoto huku nikiwa naangalia TV nisigonge nguzo upande wa kulia. Mkono ulikuwa umelenga wenyewe. Kutoka hapo mambo yakapangika. TV ni ya kujua uko wapi, skrini ya mkononi ni ya kulenga kwa uhakika, na huhitaji zote mbili kila sekunde. Unachungulia chini pale tu shabaha inapokuwa ndogo. Kama vile vioo vya bodaboda. Huviangalii muda wote, unavitupia jicho. (Najua, vioo vya bodaboda Geita vinang'olewa siku ya kwanza. Nazungumzia bodaboda za peponi.)

Baada ya hapo gemu lilikuwa tamu. Ndege inakunja mabawa inakuwa kama kuku wa chuma anayetembea kwa miguu miwili, anaingia ndani ya majengo. Kuna kifaru. Kuna njia zilizojificha zinazokupeleka sayari nyingine kabisa, hivyo ukimaliza mara moja hujamaliza. Nililimaliza usiku wa siku ya kumi na saba, na sitadanganya kwamba nilikuwa mtulivu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Mjomba ana binti wa kidato cha kwanza. Ameishi miaka yote nyuma ya kibanda cha gemu na alikuwa hajawahi kushika padi. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Ni kwamba pale panakaa wavulana, panatukaniwa, na msichana akisimama mlangoni anaulizwa ametumwa nini. Mimi waliniachia kwa sababu ni mtoto wa dada wa mwenye kibanda, na waliposikia nasoma ualimu wakaanza kuniita madam, basi nikawa siguswi. Star Fox Zero ina namna ya kucheza wawili kwenye ndege moja: mmoja anaendesha kwa padi ya kawaida, mwingine anashika GamePad na kupiga risasi. Nilihitaji mtu wa pili. Nikamwita binti.

Jioni tatu tu. Jioni ya tatu analenga kuliko mimi.

Wavulana hawakupenda. Mmoja wao, fundi hasa wa mpira, kijana ambaye watu wa mtaa wa pili huja kutazama anavyocheza, akasema apewe nafasi. Akapewa. Kila adui alipotokea, kidole gumba chake cha kulia kilikimbilia stiki ya kulia ili kulenga, kama alivyozoea miaka mitano. Kwenye gemu hili stiki ya kulia ukiisukuma pembeni ndege inabingirika. Basi akawa anabingirika tu angani kama gunia la pamba lililoanguka kutoka kwenye lori, huku risasi zinakwenda mbele kwa mbele. Akarudia. Akabingirika. Akaweka GamePad chini, akasema: "Madam, hiki kitu kibovu. Mimi nacheza kila gemu." Na hapo ndipo alipokuwa amesema ukweli bila kujua. Anacheza kila gemu lililotengenezwa kwa mikono kama yake.

Tuliosoma Saikolojia ya Elimu tunalijua jina la jambo hili. Thorndike na Woodworth waliandika mwaka 1901 kwamba ujuzi wa kazi moja husaidia kazi nyingine kwa kadiri kazi hizo zinavyoshirikiana vipengele. Kinachosahaulika tukikariri kwa ajili ya mtihani ni upande wake wa pili: vitu viwili vikifanana kwa sura lakini vikadai mwitikio tofauti, ujuzi wa zamani unageuka mzigo. Uhamisho hasi. Yule binti hakuwa na kipaji cha ajabu, na msichana mmoja si utafiti, nisije nikaulizwa sampuli yangu na watu wa mwaka wa tatu. Hakuwa na kitu cha kusahau, basi. Mvulana alikuwa na miaka mitano ya kusahau, mbele ya watu, bila mtu wa kumwambia kwamba kubingirika siku ya kwanza ndiyo kawaida.

Na kusema kweli, watu wa kwetu ndio wa mwisho kupaswa kushangaa kwamba mkono unaweza kujua kitu ambacho jicho haliangalii. Nenda kaangalie bugobogobo. Mchezaji anarusha jembe juu, linazunguka, anatazama mbele kwa watazamaji, sikio liko kwenye ngoma, jembe linarudi mkononi. Hakuna anayeangalia jembe. Akiliangalia ameshapoteza ngoma. Hakuna mtoto wa Kisukuma aliyepewa jembe siku ya kwanza, likamwangukia mguuni, wazee wakasema jembe hili bovu au mtoto huyu mzito. Walimwacha aliokote. Pale skrini mbili zimekuwepo kabla ya Nintendo, na hakuna mhakiki aliyekataa kutoa alama.

Ukitaka mfano wa wasomi, upo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa madaktari 33 wa upasuaji wa New York, wa aina ile ya upasuaji wa matundu madogo ambapo daktari anatazama skrini huku mikono yake iko kwingine kabisa. Waliowahi kucheza magemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Hiyo haithibitishi kwamba gemu ndilo lililowafanya kuwa wazuri. Inawezekana wenye mikono mizuri ndio wanaopenda magemu. Lakini inatosha kumnyamazisha mtu anayesema mikono kibandani haijifunzi chochote. Hata marubani: Edwin Link, Mmarekani aliyekulia kwenye kiwanda cha vinanda cha familia yake, alitengeneza mwaka 1929 ndege ya uongo ya kujifunzia kuruka, inayoinama na kugeuka bila kuondoka sakafuni, na wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wengi walianzia humo kabla hawajapanda ya kweli. Migodi mikubwa duniani leo hufanya hivyohivyo kwa madereva wa yale malori ya kubebea mawe: unakaa kwenye kibanda chenye skrini, unapindua lori la uongo, unaambiwa anza upya. Lori la uongo likipinduka hakuna anayelilipa.

Tuweke hilo pembeni ya shule zetu. Kwenye BTP nilipangiwa sekondari moja ya kata, mkoa wa Shinyanga. Jina lake libaki kwangu. Kulikuwa na chumba cha kompyuta. Sita, zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa vizuri kama makochi ya sebuleni, funguo kwa mwalimu mmoja. Somo lilifundishwa ubaoni: chora maus, taja sehemu zake. Siku niliyopata ruhusa ya kuingiza wanafunzi humo, watoto walikaa nane nane kwa kila kompyuta. Msichana mmoja akashika maus kwa mara ya kwanza maishani, mshale ukakimbilia kona ya juu, akaacha, akashika tena, mshale ukapotelea chini. Mwalimu niliyekuwa naye akanyoosha mkono akamwambia: "Lete." Akaichukua maus, akafungua programu, akasema mmeona? Wakasema ndiyo. Kipindi dakika 80, na mkono wa yule mtoto ulikaa juu ya maus kwa muda usiofika dakika moja.

Hiyo "lete" ndiyo nagombana nayo. Mwalimu yule si mtu mbaya, alikuwa anaogopa muda na anaogopa kuharibu mali ya shule, na mtoto mmoja kati ya arobaini na nane si wa kusubiriwa. Lakini yule mtoto alichojifunza ni kwamba mkono wake hauwezi. Tangu 2005 mtaala wa sekondari ukasemwa ni wa kujenga umahiri. Toka Januari 2024 tuna mtaala mwingine, wenye mkondo wa amali kwa watakaochagua ufundi, kilimo, michezo na mengineyo, na sisi tunaomaliza mwaka huu na ujao ndio tutakaoingia nao madarasani. Umahiri uko mkononi au hauko popote. Nimepitia fomu tulizotathminiwa nazo BTP: andalio la somo lipo, zana lipo, matumizi ya ubao lipo, sauti, mavazi, vyote vipo. Hakuna mahali panapouliza wanafunzi walishika kifaa kwa dakika ngapi. Napendekeza paongezwe. Si jambo la bajeti, ni mstari mmoja kwenye karatasi, na Kitivo cha Elimu kinaweza kuuongeza kabla ya fildi ijayo bila kusubiri wizara.

Kuna mtu atasema nalinganisha maus na gemu la mbweha. Nalinganisha, ndiyo. Tofauti ni kwamba gemu lina subira kuliko sisi. Ukifa linakurudisha mwanzo wa eneo, halikukunjii uso, halisemi "mwenzako ameweza". Na lina upungufu ambao sisi hatupaswi kuuiga, kwa sababu nilisema silitetei lote. Halikufundishi vizuri. Lina sehemu ya mazoezi, lakini zoezi linaisha kabla mkono haujashika, kisha unatupwa vitani. Hapo Vygotsky angeomba maelezo, maana ngazi ya kati haipo. Kuna eneo la Zoness ambapo unaendesha chombo cha polepole kinachoshusha kiroboti kwa waya, utadhani mtu anashushwa kwenye duara kule Nyarugusu, na hapo mwendo unakufa kabisa, nilisinzia. Na pambano la mwisho na Andross limetengenezwa na mtu aliyesahau kwamba mchezaji ana macho mawili tu. Wahakiki waliolalamikia pambano hilo walikuwa na haki. Kutetea kitu kigumu si kusema kila ugumu una maana. Ugumu mwingine ni uzembe wa mtengenezaji, kama vile mtihani mwingine ni mgumu kwa sababu swali limeandikwa vibaya, na mwanafunzi hana njia ya kujua ni upi ni upi mpaka amekaa nao muda. Huo muda ndio ninaouomba.

Nigusie na vibanda vyenyewe, maana nikiwa kule lilipita tangazo la mtaa kwamba vibanda vya gemu vifungwe saa za shule, na mzazi mmoja kwenye kikao akataka vifungwe moja kwa moja. La kwanza naliunga mkono bila kusita. Mtoto wa darasa la sita hana kazi kibandani saa nne asubuhi. La pili linachanganya mambo. Wazazi wengi wanaviweka kapu moja na zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, ambazo kweli zimekula ada za watu. Kibanda cha mjomba mechi moja ni shilingi 300 na ukishinda hupewi kitu, unapewa aibu ya kuendelea kukaa. Na ukimwondoa kijana wa Geita pale jioni, tusijidanganye kwamba anakwenda maktaba. Karasha haiko mbali, mwaloni hawaulizi umri, na pesa ya siku inalipwa siku hiyohiyo. Walimu wa kule wanajua ni madawati mangapi yanabaki wazi dhahabu ikisikika mahali.

Kosa la kibanda kwangu ni lingine: nusu ya watoto wa mtaa hawaingii. Nilimwambia mjomba atenge saa mbili Jumamosi ziwe za wasichana. Akaniuliza nani atalipa. Nikamwambia ajaribu mwezi mmoja kwa nusu bei. Mjomba ni mfanyabiashara, akakuna kichwa, akasema, "Mwanangu, hiyo mashine ya mbweha haijaniingizia hata mia, na wewe unataka niongeze hasara." Lakini hakukataa. Jumamosi ya kwanza walikuja watatu, akiwemo mmoja aliyekuja kumtafuta mdogo wake akakaa. Ya pili walikuja saba. Wavulana walikaa nje kwenye benchi wakijifanya wanasubiri kuchaji simu.

Mashine bado ipo, ingawa sijui hadi lini. Betri ya GamePad imechoka, inacheza ikiwa imechomekwa ukutani, na mjomba anasema akipata mteja ataiuza aongeze TV ya tano. Juzi binti alinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake. Amepatana na yule mvulana wa kubingirika, sasa wanacheza ndege moja. Wamefika Venom mara mbili, mara ya kwanza wakauawa, mara ya pili umeme ukakatika Andross akiwa amebakiza kidogo. Anasema mvulana sasa anataka yeye ndiye alenge. "Dada, nimwachie?" Nimemjibu amwachie Corneria tu, Venom alenge yeye.